Boga Alilochonga Baba

Baba yangu alichonga boga moja tu maishani mwake. Boga hilo ndilo lililomzika kaka yangu.

Unadhani natania? Sogea.

Kaka yangu Royce alinasa kwenye vidonge vya kulevya, kama vijana wengi wa huku kwetu Ohio. Siku alipoiba bunduki ya babu akaiuza, Baba alimtimua. "Ukikanyaga hapa tena, usiniite baba!"

Miaka ikapita kimya.

Oktoba iliyopita Royce akampigia Mama kwa simu ya kuazima. Vidonge ameacha. Anataka kurudi nyumbani.

"Njoo usiku wa Halowini, mwanangu," Mama akamwambia. "Baba yako akikubali, utakuta boga lako linawaka ngazini. Ukikuta giza, pitiliza tu, msije mkauana."

Kwetu, usiku huo wa vinyago, kila mtu huwekewa boga lake, limechongwa uso na kuwashwa mshumaa ndani. La Royce lilikuwa halijawekwa tangu afukuzwe.

Mama akambembeleza mzee mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi moja Baba akabeba boga kubwa kuliko yote, akatwaa kisu. Akachonga mdomo wenye pengo. Pengo lilelile la Royce.

Mimi machozi tu.

"Lakini Baba, bado wiki mbili. Boga halichongwi mapema hivi, litaoza."

"Lioze jiwe hili? Hebu nipishe, Corinne. Mwanangu anarudi."

Wiki hizo jua liliwaka kama la Julai, mwezi wa joto kali huku kwetu.

Jioni ya Halowini, Baba akaenda kuliwasha. Alipoligusa, vidole vikazama. Uso ukabonyea, maji meusi yakachuruzika ngazini.

Mama akarukia gari, akaenda kutafuta jingine.

Watoto wakaanza kuja na vinyago vyao, wakiomba pipi nyumba kwa nyumba kama ilivyo desturi ya usiku huo. Baba akawagawia mabonge ya bisi ya Mama, yamefungwa karatasi ya kijani kwa uzi wake wa kushonea. Mikono inagawa, macho yapo barabarani.

Nyuma ya watoto akaja mtu mrefu, kinyago cha dubu usoni. Alikuwa akichungulia ndani, juu ya bega la Baba.

"We jitu zima, huoni haya kugombania pipi na watoto?" Baba akamtupia bonge moja. "Haya, shika. Nenda kwenu!"

Watoto wakaangua kicheko.

Dubu akatazama ngazi yenye giza. Akaondoka.

Mama alirudi na kiboga kama chungwa. Tukakiwasha, tukakesha nacho.

Asubuhi polisi akagonga. Royce amekutwa ndani ya gari, chini ya daraja. Alikuwa amevirudia vidonge, vikammaliza.

Polisi akaweka vitu vyake mezani. Kinyago cha dubu. Na bonge la bisi, uzi wa Mama haujafunguliwa.

Baba hakulia. Alichukua kijiko, akatoka kukwangua lile doa jeusi ngazini. Mpaka leo analikwangua.

Ndugu yangu, ukishasamehe, fungua mdomo useme. Msamaha ukiuanika nje usubiri mtu apite, huoza kabla hajafika.