Kiroba Ambacho Sabra Hakukifungua

Mimi sipendi wapangaji. Nalisema hilo mapema mtu asije akadhani naandika habari za Sabra kwa kuwa nina moyo laini. Mabweni ya chuo yalipojaa, kila mwenye chumba cha uani hapa Magamba milimani aligeuka mwenye nyumba, nami nikafuata mkumbo. Marehemu mume wangu alikuwa akihifadhi mbegu za viazi katika chumba kile. Nikakipiga chokaa, nikaweka vitanda viwili, nikawapata Loveness wa Moshi na Sabra wa Muheza, wote mwaka wa kwanza.

Sabra alifika siku ya mvua na ukungu, amevaa ndala. Ndala, Magamba! Akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo bibi. Samahani, huku jua linatoka saa ngapi?"

"Marahaba. Linatoka likipenda," nikamjibu.

Akacheka mpaka akasahau kutetemeka. Yeye ni Mbondei na mimi ni Mshambaa, na lugha zetu ni ndugu, kwa hiyo hata nikiwafokea kuku wangu kwa Kishambaa alikuwa anaelewa na kucheka. Huyo hata kumnunia hukuweza.

Chuo nilidhani ni mahali pa raha, mpaka nilipomwona yeye. Alfajiri anaswali amejitanda blanketi, halafu anakuja kuchemsha uji jikoni kwangu, maana jiko la mkaa chumbani nilikuwa nimelipiga marufuku. Kisha anakimbia kuwahi kiti, kwa sababu aliyechelewa husikiliza somo akiwa amesimama dirishani. Jioni anarudi na handauti alizotoa kivuli, anakaa karibu na moto wangu na kuzisoma kwa sauti ya chini, Kiingereza kitupu, mpaka usingizi unamwangusha. Semista ya kwanza alilia sana. Alikuwa wa kwanza shuleni kwao, na huku akajikuta katikati ya watu ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza shuleni kwao. Yeye na Loveness walikuwa na neno wanaloliogopa kuliko nyoka, kudisko. Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe ni kufeli mpaka chuo kikurudishe nyumbani kabisa.

Kilichomshika asianguke ni kiroba cha Ijumaa.

Baba yake, mzee Hashimu, alikuwa na miti yake ya machungwa huko Muheza. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge, akatoka na kikohozi na ufundi mmoja wa kusokota kamba ya katani juu ya paja. Kila wiki alimjazia mtoto wake kiroba cha machungwa, ndizi na nazi, akakishona mdomo kwa kamba yake mwenyewe, mshono wa kupishana, mwishoni akaacha kitanzi cha kushikia. Anamkabidhi konda wa basi linalokuja Lushoto. Sabra akishuka stendi kukichukua, anarudi nacho begani amechangamka utadhani kabeba bibi harusi.

Kisu hakukitumia hata siku moja. Anakaa kwenye kizingiti cha jiko langu, anafumua mshono taratibu kuanzia kwenye kitanzi, kamba anaikunja vizuri, na kesho yake anashuka stendi kumpa konda airudishe. "Ni ileile, bibi," aliniambia. "Inakwenda na kurudi. Baba anasema siku nikimaliza chuo atanifungia nayo mbuzi." Nami nilikula machungwa yale bila haya, sitaki kudanganya.

Ukafika mwezi wa sita. Asiyewahi kukaa Magamba mwezi wa sita na wa saba asijisifu kuwa anaijua baridi. Sabra alisomea mitihani amejifunga kanga mbili na blanketi, vidole vimekakamaa. Nikampa koti la marehemu mume wangu, akalivaa siku moja, akalirudisha kwa adabu zote. "Asante bibi. Baba ameniambia kwenye simu kwamba amenipatia sweta mnadani. Zito, la kijani. Analiweka kwenye kiroba cha Ijumaa hii."

Ijumaa hiyo kiroba hakikufika. Basi liliharibikia Mombo, mizigo ikahamishwa, wakasema kitakuja. Sabra akapiga simu kwao. Mama yake akasema baba ana mafua kidogo, amelala. Siku ya pili baba yuko shamba. Siku ya tatu simu ya baba imeingia maji, lakini anakusalimu sana, anasema usome. Na mitihani ndiyo ilikuwa inaanza.

Ijumaa iliyofuata alirudi na viroba viwili. Kimoja ndicho kile kilichochelewa, kimeshonwa kwa kamba ya katani, kitanzi mahali pake. Cha pili kilishonwa kwa uzi wa nailoni, mshono umekwenda moja kwa moja kama gunia la dukani.

Nilikuwa namenya viazi. Nikamwona amevisimamisha viwili vile ubavu kwa ubavu, anavitazama. Akakipitishia kidole kile cha nailoni. Kisha akaomba kisu, akakikata, akatoa machungwa, akanipa yote. Kile cha baba yake akakibeba mpaka chumbani, akakisukumia uvunguni mwa kitanda chake.

"Na sweta?" nikamuuliza kesho yake nilipomwona bado anatetemeka.

"Bado, bibi," akasema, akainamia handauti zake.

Hapo ndipo alipobadilika. Hakulia tena, na hilo ndilo lingenishtua kama ningekuwa na akili. Alikuwa anakwenda kwenye mtihani, anarudi, anapiga simu nyumbani saa nne asubuhi siku ambazo hana mtihani, anaongea akiwa amesimama mlangoni pa jiko. "Shikamoo mama. Uko wapi? Nyumbani? Haya. Baba hajambo? Nisalimie." Akikata, anabaki ameishika simu kama anayengoja ilie.

Baada ya muda Loveness akaja kushtaki. Chumba kinanuka. Nami nikaingia kama askari. Harufu ya machungwa yaliyooza ilinikuta mlangoni, na chini ya kitanda maji yalikuwa yamechuruzika kutoka kwenye kiroba, sisimizi wamejipanga. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia Sabra hapa si dampo, huko kwenu mlifundishwa kuozesha riziki? Akakivuta kile kiroba na kukikumbatia kifuani, uchafu wote ule ukaingia kwenye nguo yake.

"Bibi, nakuomba. Nivumilie mpaka nimalize mitihani. Nitakiweka nje chini ya paa, lakini kisifunguliwe."

Jinsi alivyosema "nakuomba", nikaondoka. Kikakaa barazani kwangu, kinanuka.

Siku aliyomaliza mtihani wa mwisho ndipo alipofika mwanamume mmoja mwenye kanzu na kofia, viatu vimejaa tope la kupandia huku. Akajitambulisha kuwa ni Ismaili, baba mdogo wa Sabra. Hakutaka kukaa. Akanivuta pembeni ya zizi na kuniambia polepole kwamba kaka yake, mzee Hashimu, alishafariki. Alishona kiroba chake cha mwisho Alhamisi, akampa konda, jioni presha ikampanda, Ijumaa wakamzika. Sasa arobaini iko karibu, amekuja kumchukua mtoto.

Nikamtazama. "Na mtoto mkamwacha anaulizia afya ya maiti?"

"Alikuwa na mitihani, mama."

Ningemwambia mengi. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini hawa walikificha na kilio chenyewe! Ila nisijifanye mtakatifu. Hata sisi Walutheri wa huku juu tunafanya hivyo hivyo. Mtoto akiwa kwenye mtihani tunamzikia mzazi wake kimyakimya, tunasema tunamlinda, halafu tunashangaa mbona hatuzungumzi naye tena kama zamani. Nilikuwa nafungua kinywa kulisema hilo nilipoona Sabra yuko nyuma yetu. Begi lake lilikuwa limeshafungwa.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae kwanza, nina..."

"Najua. Ule mshono wa nailoni ni wako."

Yule mwanamume akashika ukuta wa zizi.

"Baba hakuwahi kumwachia mtu kushona. Hata mkono wake ulipotunga usaha, alishona," Sabra akasema. Sauti yake haikupanda. "Nikasema labda anaumwa. Nikawa napiga simu saa nne. Mama yangu saa nne yuko sokoni, hata akiwa na homa yuko sokoni. Lakini kila nikipiga yuko ndani, hakuna gari, hakuna wateja, nasikia kuku tu. Kila siku yuko ndani. Nikajua amekaa eda."

Mimi mambo ya eda sikuwa nayajua vizuri. Baadaye Ismaili alinieleza kwamba mjane wao hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hatoki kwenda sokoni wala wapi. Kifo waliweza kukificha, lakini eda haikufichika.

"Sasa mbona hukuuliza, mwanangu?" Ismaili alikuwa analia waziwazi.

"Nilikuwa nangoja mniambie. Kila mlipopokea simu nilisema, leo wataniambia."

Ismaili akajipangusa kwa kofia yake. Akasema marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza. Neno lake la mwisho lililoeleweka lilikuwa mtoto asisumbuliwe, ana mtihani. Basi hasira yangu ikakosa pa kwenda. Utamfokea nani, maiti?

Sabra akakivuta kiroba kutoka barazani, akakaa kwenye kizingiti cha jiko langu kama kila Ijumaa. Ismaili akatoa kisu mfukoni, mimi nikausukuma mkono wake. Sabra akafumua kuanzia kwenye kitanzi, tundu baada ya tundu. Kamba ilikuwa imelowa na kuota ukungu, lakini aliikunja vizuri kama kawaida yake. Alipomaliza akainua macho kumtafuta wa kumpa airudishe, na ndipo alipolia. Alimwita baba yake kwa Kibondei, tate, tate, na sisi ndivyo tunavyoita. Nikakaa naye pale chini.

Sweta lilikuwa katikati ya machungwa yaliyooza, la kijani, zito kweli. Siku zote zile za baridi lilikuwa chini ya kitanda chake, na yeye anajua. Nililifua kwa maji ya moto mara mbili, nikalianika juu ya moto jikoni. Lakini mwezi wa saba hapa hakuna nguo inayokauka kwa siku moja. Asubuhi walipoagana nasi lilikuwa bado bichi na linanuka moshi. Nikalifunga kwenye mfuko. Akalitoa, akalivaa.

"Utapata homa, wewe mtoto," nikamwambia. "Subiri likaukie kwenu."

"Kwetu ni joto, bibi, nitalivalia wapi? Baba alilinunua la huku."

Akalishusha mikono mpaka kwenye vidole, akanipigia goti, akapanda pikipiki ya kukodi nyuma ya baba yake mdogo. Wakateremka Lushoto kuwahi basi.