Mteremko Usio na Nyumba

Kabla hajawa mchoraji wa watu wakubwa, alikuwa akiandika mabango ya maduka: kinyozi, dawa, mikate. Watu walimwita Brashi. Aliyemtoa huko ni mke wa mwenye kiwanda cha mbao. Alimkuta juu ya ngazi, akateremka garini na kumuuliza kama anaweza kuchora kitu kisicho na herufi. Brashi akamwonyesha picha ndogo ndogo za bonde alizochora kwa rangi za maji, na yule mama akazichukua zote palepale.

Tangu hapo akawa mtu wao. Kila wakisafiri walimletea karatasi nzito za kuchorea. Mke wa Brashi alipougua figo, gari lao ndilo lililompeleka hospitali na kumrudisha, hadi alipofariki, na yule mama akakaa naye msibani kama ndugu wa damu. Wageni wakija, mume wa yule mama, Bosi, humshika bega na kusema, "Huyu ni mchoraji wetu." Brashi alilipenda neno hilo. Dada yake lilimkera.

"Mchoraji wao kivipi?" alimuuliza. "Kama kochi lao?"

"Dada, wale watu wametufaa."

"Wametufaa, sikatai. Lakini jichunge."

Dada huyu, fundi cherehani, ndiye aliyemlea Brashi baada ya mama yao kufa. Nyumba yake ya mabati ilikuwa kwenye mteremko ng'ambo ya bonde, katikati ya nyumba nyingine kama yake, na mlango wake ulikuwa wa bluu.

Bosi alipojenga ofisi mpya, aliagiza picha kubwa ya bonde ichorwe kutoka barazani kwake. Brashi alichora alichokiona: ukungu, mto, mteremko na mapaa yake. Bosi aliitazama kwa muda, mikono nyuma.

"Imetulia. Ila hivi vibanda vinaniharibia. Vitoe."

"Lakini vipo, Bosi."

"Najua vipo. Si picha tu, jamani?"

Rangi ya maji haitoki kirahisi ikishakauka. Ilibidi alowanishe kila paa kwa brashi safi, aligandamize kwa kitambaa, arudie tena, mpaka karatasi ikaanza kuota manyoya. Mlango wa bluu aliuacha uwe wa mwisho. Kisha akapitisha rangi ya kijani juu ya mteremko mzima, akaweka sahihi yake na mwaka. Bosi alifurahi mno.

Miaka michache baadaye kiwanda kikadai kwamba mteremko ule ni wake, na watu wa pale ni wavamizi waliokuja juzi juzi. Shauri likafika baraza la ardhi. Wakili wa kiwanda alizungumza mengi, kisha akaagiza ile picha iingizwe. Brashi akaitwa mbele.

"Hii ni kazi yako?"

"Ni yangu."

"Ulichora ukiwa unautazama mteremko huu?"

"Ndiyo."

Mwenyekiti wa baraza akavua miwani. "Ndugu, wakati huo nyumba zilikuwepo au hazikuwepo?"

Dada yake alikuwa benchi la nyuma, amevaa gauni lake zuri. Mbele kabisa alikaa mke wa Bosi, akimtazama kwa uso uleule wa upole aliokuwa nao kule msibani.

"Sikumbuki vizuri," akasema.

Hakuna hata aliyemzomea.

Siku ya kubomoa alikwenda na mkokoteni akasaidie kuhamisha vitu. Alimkuta dada yake amekaa juu ya godoro lililokunjwa, cherehani miguuni, vumbi kichwani.

"Ungesema tu zilikuwepo," dada yake akamwambia, bila kupandisha sauti. "Neno moja tu. Mengine tungepambana nayo wenyewe."

"Dada, nisikilize..."

"Huo mkokoteni wape majirani."

Dada akahamia kwa binti yake, mji mwingine. Brashi alikaa ndani wiki nzima hajagusa rangi, akaapa kwamba wale watu amemalizana nao. Kisha mke wa Bosi akaja mwenyewe, akapiga hodi, akaingia na bunda la karatasi mpya. Wala hakutaja baraza. Alisema tu kwamba mwanawe anaoa, na wangependa kumzawadia picha ya ule upande wenye mto. Brashi akalipokea lile bunda kwa mikono miwili. Akasikia mdomo wake ukisema asante.

Alipokuwa akiichora picha hiyo, alipiga simu kwa dada yake. Ilipokelewa na mpwa wake. Kwa nyuma cherehani ilisikika ikinguruma, kisha ikanyamaza.

"Mjomba," binti akasema, "mama anasema hayupo."

"Haya. Msalimie."

Akakata simu, akaketi. Anga aliyokuwa ameipaka ilikuwa imekauka vibaya, ikaacha mistari. Akachukua karatasi nyingine, akaanza upya.