Reli Pekee ya Sumbawanga

Mgeni akisikia kwamba Sumbawanga tulikuwa na stesheni ya reli hucheka, na ana haki ya kucheka. Treni haijawahi kufika Ufipa. Iliyo karibu inaishia Mpanda, na zamani ukitaka kuipanda ulipanda kwanza gari la reli, basi kuukuu la shirika la reli lililobeba watu mbele na magunia ya ulezi na maharage nyuma. Basi hilo lilikuwa na ofisi yake upande wa Katandala: chumba kimoja cha matofali, dirisha la tiketi, mizani na benchi. Hiyo ndiyo iliyoitwa stesheni. Nasi tuliokulia hapo tulivimba vichwa kana kwamba treni inalala uani kwetu.

Maana mkuu wa stesheni alikuwa baba yangu. Ndiye pia aliyekata tiketi, aliyepima mizigo na aliyefagia. Mama alikuwa amefariki, tukabaki baba, dada yangu mkubwa na mimi. Mbele ya ofisi palikuwa na mkaratusi, na kwenye tawi lake kilining'inia kipande cha reli kilicholetwa kutoka Mpanda kiwe kengele. Mji wetu haukupata reli nyingine. Gari likiingia, baba alikigonga mara moja. Likitoka, mara tatu. Dereva hakuthubutu kuondoka kabla ya ile ya tatu, na waliosindikiza hawakuthubutu kugeuza mgongo. Baba alikuwa akisema gari lililotoka bila kugongewa halijatoka.

Dada akapendana na kijana mfugaji, ambaye wazazi wake walitoka upande wa Shinyanga wakashuka na ng'ombe hadi Muze, bondeni Rukwa. Baba hakumtaka. Alisema hana kanisa wala shamba, ana mikia ya ng'ombe tu. Dada, ambaye ukaidi aliurithi kwa baba huyohuyo, akaolewa. Asubuhi ya kumfuata mumewe kwa ukoo uliobaki Shinyanga alisimama dirishani kama abiria yeyote.

"Wapi?" baba akauliza.

"Mpanda."

Akamkatia tiketi bila kuinua macho, akafunga dirisha. Hakutoka nje. Dereva alisubiri kengele mpaka abiria wakaanza kunung'unika, mwishowe akaondoa gari kimyakimya. Nilibaki chini ya mkaratusi, upepo wa Juni ukipenya hadi mifupani, nikipunga mkono peke yangu.

Haikupita miaka mingi, biashara ikafunguliwa. Yakaja mabasi ya watu binafsi, yenye muziki na wapiga debe, yakaegesha sokoni. Nani angetembea hadi kwetu? Gari la reli likaanza kuja nusu tupu, kisha mara mojamoja, kisha halikuja tena. Baba akastaafu. Hakuna aliyeiulizia ofisi, funguo zikabaki kwake, na kila asubuhi alivaa koti lake la kazi akaenda kufungua dirisha.

Majirani walidhani amechanganyikiwa. Vijana wakipita walimtania, "Shikamoo mzee! Vipi, treni imechelewa leo?" Naye aliitika marahaba, basi. Mimi nilijua anachosubiri. Kwake safari ile ya dada ilikuwa haijatoka, kwa sababu hakuigongea. Na aliyeondokea stesheni hupokelewa stesheni. Dada akija akakuta dirisha limefungwa, angeamini kwamba kweli amefukuzwa. Sasa si ungetuma mtu Muze kwa wakwe, umwite mtoto wako? Thubutu! Baba yangu na koti lile? Alifungua dirisha, akakaa.

Mimi niliuza mitumba sokoni. Jioni nilisonga ugali, tukala bila maneno. Nyumba ya watu wawili inaweza kuwa na upweke kuliko ya mtu mmoja. Siku nyingine nilitamani anigombeze tu, nijue ameniona. Alikuja mchumba kutoka Namanyere, nikamwambia siwezi kumwacha mzee peke yake. Akasubiri kidogo, akaoa kwingine. Hasira ya jambo hilo ninayo hadi leo, na sijui nimpe nani.

Dada alikuja wakati wa kiangazi, mchana kweupe. Alishuka sokoni kwenye basi lenye muziki, mtoto mgongoni, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu ya mitumba. Tukakumbatiana, tukalia mbele ya wateja. Nikamwambia twende nyumbani apumzike.

"Nyumbani baadaye," akasema. "Mimi niliondokea stesheni, mdogo wangu."

Nikambebea begi. Tulipofika, baba alikuwa dirishani. Dada akapiga magoti vumbini, akapiga makofi taratibu kama tulivyofundishwa tangu utotoni, akasema, "Shikamoo, baba."

Baba akauliza kwa sauti yake ya kazini, "Kutoka wapi?"

"Mpanda, baba."

Akatoka nje. Akachukua chuma cha kugongea, akaigonga reli mara tatu. Akapumzika kidogo. Halafu akaigonga mara moja.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na machozi yakamshuka.

Watu wa Katandala walitoka majumbani kuona gari gani limeingia. Baba hakuwajali. Alimpokea mjukuu, akamwinua dada, wakashika njia ya nyumbani, na dirisha akaliacha wazi. Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini nilisimama pale na begi la mwenzangu, nikakitazama kile kipande cha reli kikiyumba, nikajua kwamba mimi hakitanilia kamwe. Sikuwa nimeondoka.

Nikafunga dirisha, nikawafuata.