Barua ya Mwenendo Mwema

Ukitaka jezi isiyofumuka kabla ya mapumziko, pale Nyasho utaelekezwa kwa Mwanahalima Pazi. Ana cherehani mbili na ulimi usio na breki. Ukimletea kitambaa kibovu atakuambia hapohapo, "Hiki kampelekee adui yako." Watu humcheka, humwogopa kidogo, na humwamini. Ndiyo maana ilipoundwa timu ya soka ya wasichana, Mbuta Chipukizi, walimpa ukatibu, akashika daftari la vikao miaka tisa.

Na mtu wa namna hiyo naye alifunga mdomo.

Miaka miwili iliyopita, Boke, mama mmoja wa Bukima, alifika mbele ya kamati. Binti yake wa miaka kumi na mitatu alikuwa akichezea timu hiyo. Alisema kocha Stanslaus amemharibia mtoto. Kocha aliitwa, akainamisha kichwa, hakukana. Mwenyekiti, Mzee Mugeta, akaamua kwamba mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Kocha akatoa mtamba, baba mdogo wa binti akampokea kwa niaba ya ukoo, watu wakanawa mikono wakala. Tumezoea ng'ombe amalize kesi ya mpaka wa shamba na kesi ya matusi, tukadhani atamaliza na hii. Binti hakuulizwa neno. Boke alilia uani, akaambiwa anyamaze asimchafulie mwanawe jina.

Kocha alipotaka kuhamia timu moja ya Bunda, alihitaji barua. Mwanahalima akaiandika kwa mwandiko wake mzuri: ameondoka kwa hiari, mwenendo wake ni mwema. Akatia sahihi, akijiambia kwamba anamlinda binti. Kwenye daftari, hata hivyo, alikuwa ameandika yote yaliyosemwa kikaoni, maana hajui kuandika nusu. Kisha akalifungia kabatini.

Alhamisi moja mwaka huu, Tausi, matroni wa timu ile ya Bunda, aliingia kibandani na mfuko wa vitambaa.

"Shikamoo, dada. Nina jezi kumi na nane na bukta zake. Jumamosi asubuhi tunakwenda kambi Butiama, wiki nzima."

"Marahaba. Kumi na nane kwa siku mbili? Umenifananisha na jini?"

"Mafundi wa kwetu wamejaa longolongo. Vipimo hivi hapa."

Mwanahalima akavaa miwani. Kifua inchi ishirini na sita. Ishirini na saba. Watoto wadogo kabisa. Akaendelea kusoma, akakunja uso. Jezi hupimwa kifua na urefu. Bukta ya mpira, kiuno na urefu, basi. Karatasi hii ilikuwa na nyonga na paja la kila mtoto.

"Nani amewapima?"

"Kocha mwenyewe. Mmoja mmoja, kwenye chumba cha vifaa. Eti mimi ningekosea."

"Kocha gani?"

"Si Stanslaus, huyu mliyetupa ninyi!"

Mwanahalima akaweka mkasi mezani. "Tausi, kaa chini."

Akamweleza kila kitu: Boke, mtamba, barua. Hakujipunguzia. Tausi alisikiliza mpaka mwisho.

"Barua ile niliisoma mimi," akasema. "Sahihi yako ndiyo iliyotufanya tusiulize. Tulisema, kama Mwanahalima amesema mwema, basi ni mwema."

"Najua."

"Hujui! Mtoto wa dada yangu yumo kwenye karatasi hiyo. Namba saba."

Tausi akatoka nje na simu, akaanza kupigia wazazi mmoja baada ya mwingine: safari ya Butiama haipo, mtoto abaki nyumbani. Mwanahalima naye akampigia Boke. Hakumwomba ruhusa ya kwenda polisi, kwa kuwa watoto kumi na wanane hawakuwa na muda wa kungoja. Alimwomba msamaha, kisha akamuuliza kama binti yuko tayari kuzungumza na askari wa kike, na kama hayuko tayari, asilazimishwe.

"Miaka miwili nimengoja mtu mmoja wa kamati yenu aniulize anavyotaka mwanangu," Boke akasema. "Nitamuuliza yeye mwenyewe."

Simu ya mwisho ilikuwa ya Mzee Mugeta, kwa sababu Mwanahalima hamsemi mtu akiwa amempa kisogo. Mzee alifika na bodaboda, jasho likimtiririka.

"Mwanahalima, timu ya miaka tisa unataka kuivunja kwa siku moja?"

"Ilishavunjika, Mwenyekiti. Sisi tulikuwa tunaishikiza kwa pini."

"Mambo haya zamani tulikuwaga tunayamaliza bila polisi."

"Tulikuwaga tunayahamisha. Hili tumelihamishia Bunda."

Mzee akashusha sauti. "Barua uliandika wewe. Ukitupeleka sisi, umejipeleka mwenyewe."

"Ndiyo. Kwa hiyo natangulia. Wewe utakuja kwa miguu yako au kwa kuitwa, chagua."

Kwenye dawati la jinsia na watoto alipokelewa na askari aitwaye Sara. Sara alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akainua macho.

"Mama, unaelewa kwamba maelezo haya yanaweza kutumika dhidi yako?"

"Andika, mwanangu. Na jina langu uliandike kamili."

Ijumaa kocha alikamatwa. Jumamosi binti wa Boke alikuja na mama yake, akazungumza kwa saa nzima na Sara, mlango umefungwa. Wiki iliyofuata waliohojiwa ni kamati: Mzee Mugeta, aliyefika baada ya kuitwa mara mbili, na Mwanahalima. Jalada lao lilifunguliwa peke yake, kwa kosa la kuficha. Mwanahalima alijiuzulu ukatibu kabla hajaombwa.

Jumapili ya wiki hiyohiyo wazazi wa Bunda walikutana. Tausi alimwambia asiende, watu wana hasira. Alikwenda. Ukumbi ulikuwa umejaa, akina baba wamesimama ukutani. Akaisoma barua yake mwenyewe kwa sauti, tangu tarehe hadi sahihi, kisha akasoma nakala ya ukurasa wa daftari wa kikao kile, jina la binti akiliruka.

Mama mmoja aliyevaa mtandio wa kijani akasimama katikati. "Sitaki hadithi ndefu. Siku unaandika mwenendo mwema, ulikuwa unajua au hujui?"

"Nilikuwa najua."

Mtu akasonya. Mwingine akasema atolewe nje. Yule mama akainua mkono kuwanyamazisha, akavuta benchi lililokuwa karibu naye na kulisogeza mbele.

"Asitoke. Akae hapa," akasema. "Tuna maswali mengi, na leo ndiye mtu wa kwanza anayeyajibu."

Mwanahalima akakaa.