Mdako Nyuma ya Darasa

Shuleni kwetu, kijijini Daudi, enzi za Waingereza, wasichana tulikuwa wachache na mpira ulikuwa wa wavulana. Sisi tulicheza mdako nyuma ya darasa. Unachimba kishimo, unakijaza kokoto, unarusha jiwe juu, na kabla hujalidaka unakuwa umezichota kokoto unazozitaka.

Aliyetushinda wote alikuwa rafiki yangu, binti wa wafugaji wa tambarare za Hanang, aliyeishi kwa shangazi yake jirani na shule. Alikuja hajui Kiswahili. Darasani alikaa kimya hadi mwalimu akadhani anaumwa. Lakini kwenye mdako huwezi kunyamaza. Ukidhulumiwa lazima useme. Kiswahili chake cha kwanza kilikuwa cha ubishi: "Umegusa. Nimeona. Rudisha."

Siku moja mwalimu alitusikia, akaja kuchuchumaa kando yetu. Akamwuliza rafiki yangu zimebaki kokoto ngapi shimoni. Alijibu bila kuchungulia, na akapatia. Tangu hapo hesabu tulijifunzia palepale chini, kisha na jiografia. Mwalimu alimwomba apange kokoto kuonyesha kwao. Akatanguliza kubwa.

"Huu mlima. Maji yanashuka huku. Kiangazi ng'ombe tunawapeleka huku, kwenye magadi, walambe chumvi."

Tulikuwa tumekariri mito ya Ulaya. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba malisho nayo yana ramani.

Baba yake alikuja kumchukua masika yalipokwisha. Mwalimu alimwamkia, akampa kiti, akamwita binti asome. Alisoma ukurasa mzima, kidole kikifuata mistari. Mzee alisikiliza, mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Anasoma vizuri," alisema.

"Vizuri sana, mzee. Ndiyo maana nakuomba umwache."

"Kama amejua, basi inatosha. Ng'ombe wa watu nimeshapokea."

Mwalimu aliomba angalau mwaka mmoja. Mzee akamjibu kwa upole kwamba neno lake lilishatoka.

Rafiki yangu alituaga kwa kutushika mikono, mmoja mmoja, kama mtu mzima. Hakulia. Walipoondoka, mwalimu aligeukia ubao aandike, akabaki amesimama na chaki mkononi.

Sikumwona tena. Nikiwa mama wa watoto nilisikia kwamba yuko upande wa Endasak, hukohuko Hanang, na kwamba mumewe hauzi ng'ombe mnadani mpaka yeye mkewe awe amesimama hapo akihesabu.