Nililikana Fuvu la Babu

Kosa ni langu peke yangu. Nalisema mapema, ndugu msomaji, usije ukamlaumu Mzungu wa watu wala shetani. Jina langu sitaliandika. Huku Upare wa kusini tunajuana mno.

Mimi ni mwalimu wa shule ya misheni, mzaliwa wa Mhezi. Mwaka ule alikuja bwana mmoja wa Kizungu, mtaalamu wa mifupa ya kale, akapiga hema milimani juu ya Kisiwani, penye pango. Alitaka mkalimani, nikachukuliwa mimi likizo nzima. Nilijiona mtu!

Alikuwa na fuvu la plasta, mfano wa watu walioishi Ulaya zamani sana, aliowaita Waneandatali. Kichwa kirefu, na mfupa mnene juu ya macho. Alisema wataalamu wanabishana: wengine wanawaita babu zetu, wengine ndugu wa mbali waliokwisha. Yeye alishika la pili.

"Lakini walizika wafu wao, Mwalimu," aliniambia. "Mmoja alikuwa mzee asiye na meno ya kutafunia. Lazima kuna mtu aliyemlainishia chakula." Aliyasema polepole, kama anayemzungumzia mtu wa kwao.

Alitaka kujua kama watu wa namna ile walifika na huku. Tulichimba wiki nne. Tukapata majivu, mawe yaliyochongwa, mifupa ya swala. Fuvu, hakuna! Akasema atakayelipata, jina lake litaandikwa vitabuni. Neno hilo likaniingia.

Ukoo wetu una mpungi, msitu mdogo ambamo vichwa vya wazee waliofariki huhifadhiwa vyunguni, chini ya mwamba. Mzee huzikwa, miaka ikapita, kichwa chake hufukuliwa na kuwekwa pale pamoja na baba zake. Babu yangu mzaa baba alikuwa humo. Nyumbani husema paji lake lilikuwa nene, na kwamba nimelirithi mimi.

Misheni tulifundishwa kuwa hayo ni ushenzi, nami nilifundisha hivyo hivyo. Basi Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, nilikwenda nikamtoa babu chunguni. Nikamtia katika mfuko wangu wa vitabu! Kesho yake alfajiri nikamfukia pangoni, kwenye shimo la kazi. Kulipokucha nikajifanya namchimbua, nikamwita bwana.

Alipangusa udongo kwa brashi. Hakuchukua muda.

"Huyu si wa kale," alisema. "Mfupa mwepesi, haujaanza kugeuka jiwe. Huyu ni mtu kama mimi na wewe, amekufa juzi tu." Akalitazama fuvu, akanitazama usoni, akalitazama tena. "Mwalimu, huyu ana wenyewe? Kama ana ndugu hapa, atarudi kwao leo hii."

Wachimbaji wote walikuwa wamesimama pale. Nikisema ndiyo, wote watajua mimi ni mwongo na mwizi.

"Hapana, bwana. Hatumjui."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaandika namba kwa wino kwenye paji, akamzungushia pamba, sanduku likapigiliwa misumari. Liliondoka kwa treni kutoka Same, na mimi mwenyewe nilisaidia kulipakia. Sikulia. Hata sasa silii. Nasimulia kama habari ya mtu mwingine, na hilo nalo linanitisha.

Mvua za vuli zilipochelewa, baba alikwenda mpungini na kibuyu cha pombe ya miwa. Alirudi nacho kimejaa.

"Baba hayupo," alisema. Basi. Akakaa kwenye kigoda, siku mbili hakula. Ukoo ukawashuku jirani zetu wa ng'ambo ya bonde, na uchumba wa dada yangu na kijana wa kule ukavunjika. Nilimwona akilia jikoni nikapita kwenda kusahihisha madaftari. Nilijua, nikanyamaza!

Baba hakupata nguvu tena. Masika yaliyofuata aliniita kitandani. Meno yalikuwa yamemwisha, uji nilimnywesha mimi kwa kijiko.

"Mwanangu," akasema, "wewe umesoma, watu wanakuheshimu. Wakati wangu ukifika, kichwa changu kilinde wewe. Usimwachie mwingine."

"Ndiyo, baba," nilisema, nikamfuta kidevu.

Barua ya kumwomba bwana yule alirudishe fuvu nimeianza mara nyingi. Nakwama pale pale, pa kuandika kwamba yule ni babu yangu.

Ewe unayesoma, ukiulizwa kama unamjua mtu wako, sema unamjua! Sema mbele ya watu, hata wakucheke, hata wakufukuze kazi! Mimi ningechekwa msimu mmoja, wakachoka.

Baba yangu ana mwaka wa nne ardhini, na wazee wameanza kuniuliza ni lini tutampandisha mpungini. Chungu chake kimekwisha kufinyangwa. Kitakaa kando ya kile kitupu, nami ndiye nitakayekibeba.