Moshi Kabla ya Mvua

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Ni siku mama mkwe wangu aliponinyang'anya jembe mkononi.

Usinitafute mvi kichwani, sina. Mtoto wangu wa kwanza, Amoding, hajafika hata darasa la kwanza. Kutoa nasaha ni kazi ya wazee, najua, lakini wazee wetu wa hapa Malaba wana adabu mno. Wakikuona umekaa kwenye boriti nje ya tanuri langu tangu asubuhi, wewe na cheti chako cha kidato cha nne, ukisema "bado napanga," wao hukohoa kidogo na kupita. Mimi adabu hiyo sina. Nina hasira, na sababu ninayo: boriti hiyo niliikalia mimi kabla yako. Mwaka mzima niliipasha moto.

Mimi ni mzaliwa wa Budalang'i, ambako mto huingia nyumbani bila kupiga hodi. Nilipomaliza shule niliolewa huku na Etyang, tanboi, yaani utingo, wa malori yanayokwenda Kampala. Shuleni, katika somo la upishi, tulifundishwa kuoka mkate. Basi nilipowaona madereva hapa mpakani, siku mbili tatu wakingojea karatasi zao, wakitafuna mkate uliotoka Kisumu na kuzeekea njiani; nilipowaona akina mama wa ng'ambo ya mpaka wakivuka kutafuta chumvi, sabuni na mkate wowote ule, nikasema: hapa nitaoka. Wala sikusema mara moja. Nilisema kila siku.

Mzee Barasa, mwenye kiwanja kando ya barabara, alinisikia akanipa kona moja. Sharti lake lilikuwa fupi: "Sipendi kiwanja changu kilale. Nataka nione moshi." Pipa tupu la mafuta nililipata mapema. Kilichobaki ni udongo. Tanuri la pipa hufunikwa kwa udongo mnene unaoshika joto, na udongo wa shambani ukionja moto hupasuka. Unaotakiwa ni wa kichuguu.

Na kichuguu kilikuwepo, kikubwa kama kibanda, nyuma ya jiko la mama mkwe.

Lakini huku kwetu kichuguu si lundo la udongo tu. Kina mwenyewe, kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi hutoka humo, na kile cha mama mkwe kililisha boma zima. Halafu mkamwana hamwendei mama mkwe akamwomba kitu kikubwa namna hiyo kwa mdomo wake. Hupitia kwa mume. Kwa hiyo nikampa Etyang ujumbe. Etyang akasema, "Nikirudi." Akarudi, akasema amechoka. Akaondoka tena, akasema, "Nikirudi." Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. La kwangu lilizoea.

Pipa nalo likapata mpangaji. Kuku mweusi aliingia humo akataga, akaatamia, akaangua, akatoka na vifaranga vyake, kisha akarudi kutaga tena. Yeye alikuwa na kazi. Mimi nilikuwa na mpango.

Kulikuwa na dereva mmoja wa Mombasa, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa lori. Kila alipopita hakuniacha.

"Mama Mkate! Leo umeoka nini?"

"Bado, boss. Napanga."

"Basi nikatie kipande cha huo mpango, ninywee chai."

Wenzake walicheka hadi wakashika magurudumu wasianguke. Nami nikacheka nao. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: kwamba nilicheka.

Kiangazi kikawa kinaisha, upepo umeanza kunuka mvua, Mzee Barasa akaja mlangoni. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Mama Amoding, kuna mtu wa vipuri anaitaka ile kona. Mabati anayo tayari. Mvua ya kwanza ikinyesha kabla sijaona moshi wako, nampa."

"Mzee, namngoja baba watoto aje aseme na..."

"Kona nilimpa baba watoto?"

Akaenda zake. Mwanangu, nilijua vizuri kilichokuwa kinaondoka naye. Bila kona ile ningerudi kubeba mikungu ya ndizi ya watu wengine kutoka mpakani, mkungu kichwani, mtoto mgongoni, na shule yangu yote imekaa kimya katikati.

Asubuhi yake nilikwenda kulima nyuma ya jiko la mama mkwe. Nililima vibaya, kama mtu anayepigana na ardhi. Amoding alikuwa analia mgongoni, mimi nasema peke yangu kwa sauti: boma hili halitaki mtu ainuke, boma hili heri linenepeshe kumbikumbi kuliko mkamwana!

"Nani amekunyima?"

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu na ungo wake wa wimbi. Ni mwanamke mfupi, mkavu, asiyeinua sauti.

"Mama, nilimtuma Etyang aje akuombe udongo wa kichuguu. Wa tanuri."

"Etyang hajaniambia kitu."

"Anasema akirudi..."

"Madereva wa Mombasa wanajua habari za mkate wako," akasema. "Wauza ndizi wa ng'ambo wanajua. Padri anajua, alitaja kanisani. Kuku wangu anajua, ameacha kutaga nyumbani kwa ajili yako. Mwenye kichuguu ndiye hajaambiwa."

"Nilifikiri utakataa, Mama. Kwa sababu ya kumbikumbi."

Akauweka ungo chini polepole. "Basi ulijikatalia mwenyewe, ukatumia mdomo wangu."

Hapo ndipo aliponinyang'anya jembe. Nilidhani atanipiga nalo. Akazunguka kichuguu hadi upande wa magharibi, akaangalia chini, akainua jembe akakata. Udongo mwekundu ukaanguka miguuni pake.

"Wa kwanza kukata ni mwenyewe," akasema. "Hivyo ndivyo ilivyo. Ungengoja miaka kumi, bado ungehitaji mkono huu. Upande huu kumbikumbi hawatoki. Chukua wa hapa, ule mwingine usiuguse." Nikapiga magoti kumshukuru. Akanirudishia jembe. "Inuka. Mvua isikukute unanishukuru."

Nilibeba udongo kwa karai kuupeleka kwenye kona hadi shingo ikakaza. Mama mkwe aliukanyaga kwa maji na nyasi zilizokatwakatwa, akiimba kwa Kiteso wimbo ambao hakutaka kunieleza maana yake. Kuku mweusi tulimtoa kwa vita, na mkono wangu una alama yake. Tulilipandisha pipa juu ya mawe, tukalifunika kwa udongo, tukalainisha kwa viganja. Udongo ulikuwa bado mbichi wingu lilipopanda kutoka upande wa Tororo, jeusi kama sufuria.

Hapo nililia, sitakudanganya. Tanuri bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope, na kona inakwenda kwa mtu wa vipuri.

"Mama Mkate!"

Ni yule dereva. Nikajua amekuja kunimalizia. Akatazama tanuri, akatazama wingu, akapanda juu ya lori lake akatupa turubai chini.

"Mzigo wangu ni saruji?" akafoka. "Ni mabeseni! Yakilowa yatakufa? Shika upande huo!"

Tukafunga turubai juu ya miti, nikawasha moto mdogo wa kukausha, na mvua ikaja yote kwa pamoja. Moshi ulikosa pa kupitia. Ulitukaba, ukatutoa machozi, kisha ukachungulia pembeni mwa turubai na kutoka barabarani. Mzee Barasa akatokea katika mvua ile ile, na mtu wa vipuri nyuma yake amejifunika gunia. Akasimama. Akakohoa.

"Huu ni moshi au ni ukaidi?"

"Yote mawili, mzee."

Akamgeukia mwenzake. "Bwana, nitakutafutia kona nyingine."

Usidhani mkate wa kwanza ulikuwa mkate. Chini ulikuwa mkaa, juu ulikuwa uji. Dereva aliuinua, akaupiga mlangoni mwa lori ukalia ngo! Akasema amepata nyundo. Lakini safari hii aliyekuwa anachekwa ni mkate, si mpango, na mkate unaweza kurekebishwa. Nikapunguza kuni, nikaongeza udongo chini ya pipa, nikaoka tena. Nikaharibu tena. Nikaoka tena. Jioni moja kumbikumbi wakaruka kutoka upande ule ambao hatukuugusa, wengi kama kawaida yao. Mama mkwe akaja na bakuli la waliokaangwa na kutiwa chumvi. Akakata mkate wangu, akawaweka katikati, akala akiwa amesimama. Hakusifu. Akaomba kipande cha pili.

Etyang alirudi baadaye. Akaketi, akasema, "Sasa nitaongea na Mama kuhusu ule udongo." Nikampa mkate.

Sasa nisikilize wewe wa kwenye boriti. Ndoto yako sijaidharau. Niliiota ya kwangu nikiwa hapo hapo. Ninachokasirikia ni kwamba unaihadithia dunia nzima isipokuwa yule mmoja mwenye udongo wake. Nenda kwake leo, kwa heshima, lakini nenda. Kumhukumu mtu kuwa atakunyima kabla hujamwomba ni kumsingizia. Akikataa, utakuwa umejua, na aliyejua hutafuta kichuguu kingine. Usingoje mtu akusemee. Anayekusemea ana safari zake. Anza na tope. Haribu mkate wa kwanza upesi, ili ufike wa pili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nakuongezea: akishainama achafuke.

Mungu akupe mwenye kichuguu mwenye roho ya mama mkwe wangu, na anayekucheka leo awe na turubai siku yako ya mvua. Mikono yako isikose udongo, na jiko lako lisikose moshi. Uende ukaoke chako, mwanangu, na kesho nikifungua tanuri niikute boriti yangu imepoa.